Swali la Tatu

Fomu ilikuwa na maswali saba. La tatu ndilo lililotukalisha:
Ni nani aliyekuhamasisha? Eleza kwa maneno mia.
Ukumbi wa Tononoka, ghorofani, Jumamosi adhuhuri,
feni moja inayozunguka kati ya nne,
na sisi kumi na tisa wa ufadhili,
mashati yametiwa pasi hadi yanasimama yenyewe.

Tulisema tuliyoyakariri.
Kulitumikia taifa. Kurejesha fadhila kwa jamii.
Bibi wa mfuko akaitikia kwa kichwa,
akiandika, akiandika.
Kisha stima ikapotea.
Kipaza sauti kikafa katikati ya neno "maendeleo",
bibi akatoka kumtafuta mtu wa jenereta,
nasi tukabaki na joto letu.

Nyamvula wa Likoni ndiye aliyeanza, bila kusimama.
"Mdogo wangu kazaliwa juu ya feri.
Foleni ilikuwa ndefu, mtoto hakuingoja.
Mpaka leo mtaani wamwita Pantoni, naye hapendi.
Nataka kujenga daraja.
Si kwa ajili ya taifa. Ni kwa mama,
aliyesitiriwa kwa leso za watu asiowajua."

Chengo akakohoa.
"Nilibeba vitunguu Kongowea miaka mitatu.
Tajiri wangu alikuwa na sumaku chini ya mizani,
ndogo, kama kidonge.
Kila kilo aliyouza ilikuwa na gramu mia za uongo,
na aliyeibandika kila alfajiri ni mimi.
Nataka kazi ya kukagua mizani.
Nianze na ile."

Mejumaa akaunyosha mkono wake mbele yetu, ukatulia hewani.
"Mwauona? Mamangu yuwachora piko,
na mkono wake hautetemeki hata akiwa na njaa.
Huu ndio urithi wangu, sina nyumba wala shamba.
Ila mimi siyataki maua. Nataka kushona macho ya watu."

"Nawe, Mwakio?"
Mwakio akafuta jasho la shingo.
"Mimi nataka mshahara."
Kimya.
"Na aliyekuhamasisha?"
"Mwenye nyumba."
Tukacheka mpaka bawabu akapanda ngazi kuchungulia.

Ikabaki zamu yangu.
Kwenye fomu nilimwandika mwalimu mmoja mstaafu,
mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.
Hakuna mtu huyo. Nilimtunga usiku mmoja,
nikampa hadi kikohozi.

Wa kweli ni Saumu.
Yeye namba moja, mimi namba mbili,
miaka minne, hatukubadilishana hata muhula mmoja.
Alinifundisha logi kwa kijiti, mchangani, nyuma ya maabara,
na nisipoelewa alifuta kwa wayo wa mguu akaanza upya.
Ufadhili ulipokuja babake alikuwa amelazwa,
naye keshafunga aproni.
Namba moja akiondoka, namba mbili huitwa namba moja.
Ndivyo nilivyofaulu.

Wenzangu walikuwa wameshavua ya kwao yote, wananingoja.
Nikasema, "Mwalimu wangu mmoja, mstaafu,"
nikamtia na kile kikohozi.
Stima ikarudi. Feni ikakoroma.
Bibi akaingia akipiga makofi: "Haya, tulikuwa wapi?"

Jumapili nikaenda Bondeni, anapokaanga viazi karai.
Nilimaliza sahani nzima kabla ya kupata la kusema,
na nililolipata lilikuwa, "Ukwaju leo umekolea."
Akapangusa mikono.
"Lete hilo daftari. Nione wakufundisha nini huko."

Akalisoma amesimama, mwiko mkono wa pili,
ukurasa wa kwanza, wa pili, mafuta yakimwita,
mteja akimwita,
kisha akaweka kidole chenye unga wa manjano.
"Hapa. Mstari wa tatu. Umesahau alama ya kutoa."

Fomu ikishawasilishwa hairekebishwi.
Niliuliza.